Kimetupwa kikiwa kizima

Glavu zilikuwa mpya, ila zimekatwa vidole. Makoti ya kiume ya baridi yalichanwa kifuani na mikononi hadi pamba ya ndani ikawa inamwagika. Viatu vya watoto wa shule, vile vyeusi vya kung'aa vyenye mkanda, navyo vilipitishiwa mkasi. Vyote vilitiwa kwenye mifuko ya plastiki na kuachwa kando ya Barabara ya 35 jijini New York, nyuma ya duka la nguo la H&M, visubiri gari la taka. Ilikuwa mwishoni mwa mwaka 2009, baridi imeshika kasi, na kituo cha kupokelea makoti ya msaada kwa maskini wa jiji hilo kilikuwa hapo hapo jirani.

Aliyeyaona hayo ni mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuwa akipita njia. Aliandika barua makao makuu ya kampuni, Sweden, asijibiwe. Ndipo akampelekea habari Jim Dwyer, mwandishi wa safu wa gazeti la New York Times. Dwyer alipoichapisha Januari 2010, kampuni ilijibu haraka sana: haitarudia, na kuanzia hapo nguo zisizouzika zitapelekwa kwa mashirika ya misaada.

Hebu tuifikirie kazi yenyewe. Mtu aliyeajiriwa kwa saa, kavaa beji ya duka, yuko stoo na mkasi mkononi. Anakata vidole vya glavu, jozi baada ya jozi, na muda wote huo mshahara wake unahesabika. Duka lililokwisha kupata hasara ya nguo zisizonunuliwa linaongeza gharama nyingine ili kuhakikisha hakuna atakayezivaa. Kwa mtu aliyelelewa Gongo la Mboto au Kawangware, jambo hili linaonekana kama wazimu. Lakini wenye duka si wendawazimu. Wana hesabu zao, na asiyezijua hesabu hizo hawezi kuelewa kwa nini huko Marekani na Ulaya limezuka kundi zima la watu wanaotoka usiku na tochi kwenda kuchakura makontena ya nyuma ya maduka, wakarudi na masanduku ya chokoleti, mashine za kahawa, chakula cha mbwa, shampuu na maua.

Tuanze na mpangilio wa duka na msambazaji wake. Bidhaa ikivunjika kona ya boksi, ikibadilishiwa nembo au ikipitwa na msimu, mara nyingi kuirudisha kiwandani ni ghali kuliko bei yake. Kwa hiyo msambazaji humwambia mwenye duka: iandike kwenye mfumo, tutakurudishia fedha yako, ila uiharibu. Sharti la kuharibu ndilo roho ya makubaliano hayo. Msambazaji hataki bidhaa aliyoirudishia fedha iibuke tena sokoni ikashindana na mpya. Duka nalo lina hofu yake: mtu aokote kikaangio pipani leo, kesho aje kaunta akidai ni zawadi ya harusi, risiti hana, anaomba arudishiwe fedha. Ndiyo maana katika maduka ya vipodozi mfanyakazi huambiwa avunje rangi za midomo, amwage losheni, apasue vibweta vya poda kabla ya kutupa.

Vitabu ndio mfano unaoniuma zaidi. Riwaya za bei nafuu za Kimarekani, zile ndogo za kutia mfukoni, zisipouzwa hazirudi kiwandani nzima nzima. Duka huchana jalada, likarudisha jalada peke yake kama ushahidi, likapata fedha yake. Kitabu kilichobaki huenda kusagwa au kutupwa. Anayenunua riwaya za zamani kwenye vibanda vya kando ya barabara, Nairobi au Dar es Salaam, afungue kurasa za mwanzo, pale penye maelezo ya mchapishaji. Mara nyingi atakuta onyo kwamba kitabu kilichouzwa bila jalada kimeripotiwa kuwa kimeharibiwa, na kwamba mwandishi hakulipwa chochote. Hadithi nzima ipo, kuanzia mauaji ya sura ya kwanza hadi muuaji kukamatwa, lakini kwa daftari la hesabu kitabu hicho hakipo duniani.

Serikali nazo zimechangia, tena bila kukusudia. Sheria ya forodha ya Marekani humruhusu mwagizaji kurudishiwa asilimia 99 ya ushuru aliolipa endapo bidhaa haikutumika na ama imesafirishwa tena nje au imeharibiwa chini ya usimamizi wa forodha. Ujerumani, kwa miaka mingi, kampuni iliyogawa bure bidhaa zake iliweza kudaiwa kodi ya ongezeko la thamani, ilhali ikizichoma haidaiwi. Mhasibu akiletewa hesabu mbili za namna hiyo mezani, hawezi kuchagua huruma. Atachagua moto, na bosi atamsifu.

Zipo pia kampuni zisizojali ushuru wala stoo, zinazojali jina. Mwaka 2018 ripoti ya fedha ya Burberry, kampuni ya mitindo ya Uingereza, ilionyesha kuwa katika mwaka mmoja iliharibu bidhaa zenye thamani ya pauni milioni 28.6, nguo na manukato. Koti la pauni elfu likionekana limevaliwa na kila mtu mtaani, tajiri hatalitaka tena, bora liungue. Watu walikasirika, na Septemba mwaka huo huo kampuni ikatangaza kuacha. Oktoba 2021 ikawa zamu ya Coach, watengenezaji wa mikoba wa Marekani. Mwanamke mmoja wa New York, anayefahamika mitandaoni kwa kukagua taka za maduka, alionyesha kwenye video mikoba ya ngozi iliyochanwa kwa kisu. Coach nayo ikasema imeacha kuharibu bidhaa zenye kasoro zinazorejeshwa madukani. Utaona mwenendo ni ule ule: uharibifu unafanyika kimya kimya miaka na miaka, anatokea mtu mmoja na kamera au kalamu, unaachwa ndani ya muda mfupi.

Sasa hawa wanaochakura ni nani? Fikra ya kwanza ya wengi wetu ni kwamba ni maskini wasio na mahali pa kulala. Wapo, na kwao huo ndio mlo. Lakini kwa wengi jalala la duka ni uamuzi. Kuna wanafunzi wanaopunguza makali ya kodi ya chumba. Kuna wanaofanya biashara kabisa: huokota taa, vichezeo vya watoto na vyombo vya jikoni, wakavisafisha, wakaviuza mtandaoni. Na kuna wale wanaoamini kuwa mfumo mzima wa kununua na kutupa ni dhambi, kwa hiyo wameapa kula kutoka katika mabaki yake tu. Watu wetu walioko huko wanayajua haya pia, ingawa hayasemwi kwenye simu za nyumbani. Nani atampigia mama yake Tanga amwambie friji imejaa mtindi kutoka kontena la taka? Atasema tu, tunamshukuru Mungu, chakula kipo.

Wazoefu wana kanuni zao. Huanza na duka lenye kontena la wazi, kwa sababu maduka mengi makubwa yameshaweka mashine za kushindilia taka, na mashine hizo hazichezewi: mtu haingii ndani, hata ikionekana imezimwa. Hawalali ndani ya kontena wala kuingia mwili mzima, maana gari la taka hubeba bila kuchungulia, na watu wamekwisha kufa hivyo. Wakimaliza hufunga mifuko na kuokota kilichodondoka, kwani meneja akikuta uchafu asubuhi, jioni ataweka kufuli, na wote watakuwa wamekosa.

Jambo la chakula linahitaji macho makali zaidi. Trei ya mayai thelathini ambayo moja limepasuka hutupwa yote, kwa sababu hakuna mfanyakazi atakayelipwa kufuta ute kwenye mayai 29. Hiyo haina tatizo. Mkate wa jana ni mkate. Ndizi zenye madoa meusi ni tamu kuliko za njano. Lakini ukikuta shehena nzima ya bidhaa moja, pakiti zote za jibini laini za rafu nzima mathalani, usifurahi upesi. Huenda friji ilizimika usiku kucha, au huenda kiwanda kimeagiza bidhaa ziondolewe kwa sababu ya vijidudu kama listeria, ambavyo huendelea kuzaana hata ndani ya friji. Mkebe uliovimba haufunguliwi hata kwa majaribio, kwa sababu sumu ya botulini haionekani wala hainuki. Wachakuzi makini hukagua kwanza orodha za bidhaa zilizoondolewa sokoni, zinazotolewa na mamlaka za chakula, kisha ndio wanakula. Dawa, na vipodozi vilivyofunguliwa, wanaviacha hapo hapo.

Kinachowajazia wachakuzi hao makontena ya chakula, mara nyingi, ni tarehe. Wengi hudhani tarehe iliyopigwa muhuri kwenye pakiti ni siku chakula kinapogeuka sumu. Kwa nyama mbichi, samaki na maziwa freshi, onyo la mwisho wa kutumia ni la kuzingatiwa. Kwa mchele, tambi, biskuti na mboga, mara nyingi tarehe ni makisio ya mtengenezaji kuhusu lini ladha itaanza kupungua. Huko Marekani serikali kuu inalazimisha tarehe kwenye bidhaa moja tu, maziwa ya unga ya watoto wachanga. Nyingine zote zimeachiwa majimbo na kampuni zenyewe, na ndiyo sababu pakiti mbili za unga ule ule zinaweza kuwa na maneno mawili tofauti yanayomchanganya mnunuzi. California ilipitisha sheria mwaka 2024 ya kuondoa neno la "uza kabla ya" lililokuwa likisomwa na mnunuzi ilhali limeandikwa kwa ajili ya mpanga rafu. Uingereza, maduka ya M&S na Waitrose yalianza mwaka 2022 kuondoa tarehe kwenye mamia ya matunda na mboga. Nyanya haihitaji muhuri. Ikioza, inajieleza.

Mtu akichukua kilichotupwa, ameiba? Hapa sheria za nchi zimepishana vibaya.

Wamarekani wengi wanaochakura hujikinga na kesi moja ya mwaka 1988, California dhidi ya Greenwood. Polisi wa mji wa Laguna Beach walimwomba mzoa taka awapatie mifuko ya mtuhumiwa wa dawa za kulevya, wakakuta ushahidi ndani. Mahakama ya Juu ya nchi ikaamua kwa kura sita dhidi ya mbili kwamba aliyeweka taka zake kando ya barabara hawezi kudai bado ni siri yake. Kutoka hapo watu wakajisemea: basi taka ni za wote. Si kweli hivyo. Kesi ile ilihusu mamlaka ya polisi kupekua. Kontena likiwa ndani ya uzio wa duka, au nyuma ya bango la kukataza kuingia, mchakuzi anaweza kushtakiwa kwa kuingia eneo la mtu, na miji mingi ina sheria ndogo zake.

Uingereza mwaka 2013 wanaume watatu walikamatwa nyuma ya duka la Iceland mtaa wa Kentish Town, London. Walikuwa na nyanya, uyoga, jibini na keki, mali ya pauni 33 hivi. Walishtakiwa kwa Sheria ya Uzururaji ya mwaka 1824, sheria iliyotungwa baada ya vita vya Napoleon ili kuwaondoa maskini barabarani. Kelele zikawa kubwa, kampuni yenyewe ikasema haikuomba mtu ashtakiwe, na Januari 2014 waendesha mashtaka wakaifuta kesi.

Wajerumani hawakulegeza hivyo. Juni 2018 wanafunzi wawili wa kike walifungua kontena lililofungwa la supamaketi huko Olching, karibu na Munich, wakachukua matunda, mboga na mtindi. Mahakama iliwatia hatiani kwa wizi. Adhabu yao, pamoja na faini iliyoahirishwa, ilikuwa saa nane za kazi ya jamii, tena kwenye kituo kinachogawa kwa wahitaji chakula kilichobaki madukani. Yaani walihukumiwa kufanya kwa idhini kile kile walichoadhibiwa kwa kukifanya bila idhini. Walikata rufaa hadi Mahakama ya Katiba, na Agosti 2020 wakakataliwa: chakula kilichomo kontenani bado kina mwenyewe, na mwenyewe ana haki ya kukitupa.

Ufaransa ndiyo iliyoligeuza swali. Supamaketi kadhaa huko zilikuwa na tabia ya kumimina dawa ya kuondolea madoa juu ya chakula kilichotupwa ili asiokote mtu. Diwani wa mji wa Courbevoie, Arash Derambarsh, alianzisha ombi la umma lililosainiwa na zaidi ya watu laki mbili, na mbunge Guillaume Garot akaisimamia hoja bungeni. Sheria ikapita Februari 2016. Supamaketi yenye ukubwa unaozidi mita za mraba 400 hairuhusiwi kuharibu kwa makusudi chakula kinachofaa kuliwa, na lazima iwe na mkataba na shirika la kugawa misaada. Faini ya kuanzia iliwekwa euro 3,750. Badala ya hakimu kumuuliza aliyeokota kwa nini ameokota, sasa anamuuliza mwenye duka kwa nini ameharibu. Nadhani hili ndilo swali lililopaswa kuulizwa tangu mwanzo. Italia ikatunga yake mwaka huo huo kwa njia ya kurahisisha badala ya kuadhibu, nako Denmark ikajaribiwa njia ya duka: Februari 2016 lilifunguliwa Copenhagen duka la Wefood, lililouza kwa bei ya chini bidhaa zilizopita tarehe au zenye boksi lililobonyea.

Marekani ilikuwa imetangulia kwa upande mmoja. Mwaka 1996 Rais Bill Clinton alisaini sheria inayomlinda anayetoa chakula kwa nia njema asishtakiwe endapo mlaji ataumwa, isipokuwa pawe na uzembe mkubwa. Hata hivyo, mpaka leo meneja wa zamu akiulizwa kwa nini mkate wa jana umetiwa kwenye kontena, atajibu kuwa duka linaogopa kesi. Kisingizio hicho kimeishi kuliko sababu yake.

Sheria ya Ufaransa ina kasoro zake, na si haki kuzifumbia macho. Duka likilazimishwa kutoa, hutoa jioni ya mwisho. Lori linafika kwenye shirika la misaada na mabunda ya saladi yenye saa chache za uhai, na watu wa kujitolea, wengi wao wastaafu, wanakesha wakichambua kinachofaa na kisichofaa. Kisichofaa wanakitupa wao, kwa gharama zao. Kwenye daftari la duka taka zimepungua, ilhali zimehamia kwa jirani.

Kuna takwimu nyingine inayowapunguzia wenye maduka lawama, angalau kwa juu juu. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, ambalo makao yake yapo Gigiri, Nairobi, lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2024 kuwa dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula mwaka 2022. Asilimia 60 ilitoka majumbani, 28 kwenye hoteli, migahawa na huduma kama hizo, na 12 tu madukani. Kwa hiyo sufuria yako na yangu ina hatia zaidi ya supamaketi. Lakini asilimia hiyo 12 haihesabu kile ambacho duka limekikataa kabla hakijafika mlangoni. Waulize wakulima wa mishiri, yaani maharage mabichi, wa Kenya, wanaolima kwa ajili ya rafu za Ulaya: ganda likiwa limepinda kidogo au limezidi urefu wa pakiti, halisafiri. Februari 2013, hapo hapo Gigiri, UNEP iliwaandalia mawaziri na wajumbe chakula cha jioni kilichopikwa kwa mazao ya Kenya yaliyokataliwa na supamaketi za Uingereza kwa sababu ya sura. Walikula, wakashiba, na hakuna aliyelalamika kuhusu urefu wa maharage.

Kwetu hali ni nyingine, na tusijisifu kupita kiasi kwa hilo. Sokoni Ilala au Marikiti, chakula hakifiki pipani kirahisi kwa sababu bei hushuka pamoja na jua. Nyanya zilizobonyea hutengwa zikawa masalo, mama ntilie anazichukua kwa bei ya kutupa, jioni zimo kwenye rosti. Mwenye genge hana msambazaji wa kumrudishia fedha, hivyo hana sababu ya kuharibu kitu. Lakini supamaketi zinaongezeka katika miji yetu, na zinakuja na taratibu zao zote: rafu zinazotakiwa kujaa hadi saa ya kufunga, mkate wa kuoka kila asubuhi, keki ya krimu isiyolala. Watu wa shirika la Food Banking Kenya tayari wanazunguka mashambani na sokoni kukusanya mazao yasiyouzwa wakayagawe. Kazi hiyo ingekuwa nyepesi iwapo sheria ingeanza kabla tabia haijakomaa. Sisemi turuhusu vyakula vilivyokwisha muda virudi madukani kwa mlango wa nyuma. Tunawafahamu wafanyabiashara wanaofuta tarehe na kupiga nyingine, na hao wanastahili gereza. Nasema chakula kizima cha leo kitolewe leo, kwa maandishi, kwa anayejulikana.

Ila jambo linalotuhusu zaidi halimo kwenye mkate. Limo kwenye nguo.

Umoja wa Ulaya umepitisha kanuni, iliyoanza kutumika Julai 2024, inayozikataza kampuni kubwa kuharibu nguo na viatu visivyouzwa kuanzia tarehe 19 Julai 2026. Kampuni za kati zimepewa hadi 2030, ndogo zimesamehewa. Kampuni kubwa zinatakiwa pia kutangaza zimetupa kiasi gani na kwa nini. Ni sheria nzuri, na yule mwanafunzi wa Barabara ya 35 angeifurahia. Hata hivyo nguo iliyokatazwa kuchomwa haigeuki kuwa nguo iliyouzwa. Lazima iende mahali. Baadhi itapunguzwa bei, baadhi itatolewa msaada, na mwenye macho anajua nyingine itafungwa mabunda na kupakiwa meli.

Wauzaji wa mitumba wa masoko ya Gikomba, Karume na Owino wamezoea kukuta ndani ya bunda shati lenye lebo ya bei bado inaning'inia, halijawahi kuguswa na jasho la mtu. Hiyo ndiyo wanayoiita "kamera", nguo ya daraja la kwanza, inayouzwa kabla jua halijachomoza. Wanajua vilevile kwamba bunda halionyeshwi kabla ya kulipiwa, na kwamba kadiri miaka inavyokwenda nguo zinazopasuka kwa kufuliwa mara mbili zinaongezeka. Zisizonunuliwa kabisa jijini Nairobi huishia Dandora, jaa lililotangazwa kujaa tangu 2001 na bado linapokea malori.

Afrika Mashariki iliwahi kujaribu kufunga mlango huo. Mwaka 2016 wakuu wa nchi walikubaliana kuondoa mitumba polepole ifikapo 2019. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani walilalamika kwa serikali yao, na Washington ikatishia kuzitoa nchi zetu katika AGOA, mpango wa kuuza bidhaa Marekani bila ushuru. Kenya ikajitoa mapema, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda peke yake ilishikilia ushuru wake, uliopandishwa kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, na mwishoni mwa Julai 2018 ikasimamishiwa nafasi ya kuuza nguo zake Marekani bila ushuru. Somo la biashara lilikuwa wazi: anayetupa ana nguvu kuliko anayetupiwa.

Kupiga marufuku mitumba sikuungi mkono. Maelfu ya familia zinakula kwayo, na makoti mengi mazuri yanayovaliwa Limuru na Makete mwezi wa Julai yametoka kwenye mabunda hayo. Lakini kuna tofauti kati ya nguo aliyoivaa mtu akaichoka na bidhaa mpya ambayo kampuni imeshindwa kuiuza na sasa sheria imeikataza kuichoma. Hii ya pili ina mwenyewe anayejulikana, ina nembo, ina hesabu. Bunge la Afrika Mashariki pale Arusha linaweza kudai mambo mawili bila kugombana na mtu: kila bunda la bidhaa zisizouzwa liandikwe limetoka kampuni gani na lina nini ndani, na kampuni hiyo ilipie gharama ya kuzika kile kisichovalika. Wafaransa tayari wanazilipisha kampuni za nguo kwa ajili ya taka zao nyumbani kwao. Wabunge wetu waanze kuuliza sasa, mabunda yakiwa bado Ulaya.